Namna ya Kutumia Vidonge vya Kuni Katika Jiko la Nyumbani

Mkulima akikoboa mpunga wake, karibu sehemu moja katika tano ya uzito aliouleta mashineni ni maganda matupu. Maganda haya hayaendi nyumbani pamoja na mchele. Ukipita Mbarali, Kilombero au Kahama, ama Mwea huko Kenya, utayaona yamerundikwa nyuma ya mashine, na mara nyingi yanachomwa hapo hapo ili kupata nafasi. Huko Mafinga, karibu na msitu wa Sao Hill, unga wa mbao nao hutupwa na kuchomwa vivyo hivyo. Na katika wilaya hizo hizo mama wa nyumba anatembea mbali kutafuta kuni, ama ananunua mkaa. Mkaa wa tanuru la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za mti ili kutoa kilo 1 ya mkaa.

Vidonge vya kuni ni njia mojawapo ya kuyaleta maganda hayo na unga huo jikoni. Wengine huviita peleti, sawa na chakula cha kuku kilichoshindiliwa, na kweli mashine zake ni za namna moja. Katika baadhi ya miji ya Afrika Mashariki vidonge hivi vinauzwa. Lakini mtu asiyefundishwa huvimwaga katikati ya mafiga kama amwagavyo mkaa, akapata moshi mzito na sufuria nyeusi, akasema havifai. Vidonge vinafaa, ila vinataka hewa kwa namna yake. Somo hili laeleza namna ya kuvipa hewa hiyo katika jiko la kuni ulilo nalo sasa, na pia laeleza ni mabaki gani ya shamba yafaayo kufanywa vidonge na yapi yafaa kuachwa shambani.

KIDONGE NI KITU GANI

Kidonge kizuri ni kipande cha mviringo, chembamba kama penseli, yaani unene wa milimita 6 hadi 8, na urefu wa sentimita 1 hadi 4. Hakitiwi gundi. Unga mkavu hupitishwa katika bamba la chuma lenye matundu, na magurudumu mazito huusukuma kwa nguvu. Msuguano huleta joto, na kile kitu kilichomo ndani ya mti wenyewe ambacho hushikamanisha nyuzi zake hulainika. Kidonge kikipoa, kitu hicho hukauka na kukishika. Ndiyo sababu kidonge kizuri kina mng'ao juu yake, na ukikivunja kwa vidole hukatika kwa mlio.

Faida yake ya kwanza ni ukavu. Mti uliokatwa leo waweza kuwa nusu yake ni maji. Kuni zilizoanikwa vizuri miezi mingi bado zina maji asilimia 15 hadi 20. Kidonge kizuri kina asilimia 10 au pungufu. Basi moto haupotezi nguvu zake kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni kabla ya kuchemsha yale yaliyomo katika sufuria.

Kabla ya kununua, pima. Debe la lita 20 likijazwa vidonge vizuri huwa na uzito wa kilo 12 hadi 13. Likiwa na kilo 9 tu, vidonge hivyo havikushindiliwa sawasawa, navyo vitaungua upesi na kuvunjika njiani. Tena tia kidonge kimoja katika gilasi ya maji. Kizuri huzama. Kikielea, mwachie mwenye duka mali yake. Hata kile kizuri, baada ya dakika chache majini, kitavimba na kurudi kuwa unga. Hilo si kosa lake, lakini laonyesha jinsi mvua inavyoweza kuharibu gunia zima kwa usiku mmoja.

MOSHI UNATOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba ukuni wenyewe ndio uwakao. Sivyo. Ukuni ukipata joto hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa ya kutosha, nao ungali moto, huwaka kwa miali. Usipokutana na hewa, ama ukikutana nayo ukiwa umekwisha poa, hutoka mlangoni kama moshi. Kwa hiyo moshi ni kuni ambayo haijaungua. Umeinunua au umeibeba kichwani, kisha umeitupa hewani kupitia machoni mwako.

Nayo ina madhara makubwa kuliko machozi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Wanaoumia zaidi ni wale wakaao karibu na mafiga, yaani mama, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Sasa tazama vipande vya kuni katika mafiga. Vimelala ovyo, na kati yake mna nafasi ambazo hewa hupita. Vidonge havilali hivyo. Hulala pamoja kama mahindi ndani ya gunia. Ukivimwaga juu ya majivu, hewa ya chini haina njia. Vile vya juu huungua kidogo, vya katikati hupata joto na kutoa mvuke, lakini mvuke haukuti hewa. Ukipuliza kwa kinywa utaona mwali, ukiacha kupuliza moshi hurudi.

Basi vidonge vyataka hewa mahali pawili. Kwanza yataka hewa kidogo ipitayo chini na kupanda kati ya vidonge, ili vipate joto na kutoa mvuke. Pili yataka hewa nyingi zaidi juu yake, mahali ambapo mvuke hutokea, ili upate kuwaka wote. Vyombo vyote vya vidonge, vya bei ndogo na vya bei kubwa, vimefanywa kwa shabaha hiyo moja.

KIKAPU CHA CHUMA

Katika nchi za baridi, ambako watu walianza kuvitumia sana vidonge baada ya mafuta ya petroli kupanda bei mwaka 1973, nyumba nyingi zina majiko maalumu yenye umeme ambayo hujilisha yenyewe. Wengine lakini huweka kikapu cha chuma ndani ya jiko lao la kuni la siku zote. Njia hii ya pili ndiyo itufaayo sisi, maana jiko la kuni halibadilishwi, na siku vidonge vikikosekana unatoa kikapu na kurudi kwenye kuni zako.

Jambo hili la mwisho si dogo. Huko Gisenyi, Rwanda, kampuni moja iliwapatia watu majiko ya vidonge pamoja na vidonge vyenyewe. Majiko yalikuwa mazuri na moshi ulipungua kweli. Mwaka 2020 kampuni ilifunga kazi. Mtu mwenye jiko lisilokubali kitu kingine ila vidonge, na muuzaji ni mmoja tu, amefungwa na muuzaji huyo.

Kikapu aweza kukifanya fundi yeyote wa kuchomelea vyuma. Kwa mafiga ya nyumba ya watu watano au sita, kipenyo cha sentimita 15 na kimo cha sentimita 12 chatosha. Chuma kiwe na unene wa milimita 1 na nusu au zaidi. Kopo la maziwa litakuwa limetoboka baada ya muda mfupi. Wala usikubali bati la kuezekea nyumba, maana limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Kitako cha kikapu kitobolewe matundu mengi ya milimita 5, moja likiwa mbali na jingine kwa sentimita 1 na nusu hivi. Tundu sharti liwe dogo kuliko kidonge, kama sivyo vidonge vitaanguka majivuni. Kiwekewe miguu mitatu ya sentimita 4, kwa sababu hewa lazima ipite chini ya kitako. Kikapu kilichokalishwa sakafuni ni sawa na sahani. Kisha karibu na ukingo wa juu, sentimita 2 chini yake, toboa mstari mmoja wa matundu ya milimita 8 kukizunguka chote. Haya ndiyo ya hewa ya juu. Watu wengine huyaacha wakidhani ni mapambo, nao hupata moshi.

Kikapu hukaa katikati ya mafiga, na kati ya ukingo wake na kitako cha sufuria pawe na nafasi ya vidole vitatu. Ikiwa una jiko la udongo lenye bomba, pima kwanza mlango wake. Kikapu kiwe kidogo kuliko chumba cha moto, kiache nafasi ya sentimita 3 pande zote, na kisizibe njia ya kwendea bombani. Jiko la udongo huzuia upepo vizuri kuliko mafiga, na kwa vidonge hilo lina maana kubwa, kwani upepo wa mlangoni huupoza mvuke kabla haujawaka.

KUWASHA

Kwanza chekecha. Vidonge huvunjika katika gunia, na ule unga uendao chini huziba matundu yote. Tumia chekeche la kawaida la jikoni. Unga usiutupe, wafaa kuwashia moto, au kutandaza chini ya kuku.

Jaza kikapu theluthi mbili, usizidishe. Kikapu tulichokieleza, kikijazwa hivyo, kinachukua karibu gramu 850. Matundu ya hewa ya juu lazima yabaki wazi juu ya vidonge. Sasa panga juu yake vijiti vikavu, vipande vya gunzi, au vibanzi vya msindano vyenye utomvu, kiasi cha konzi moja, ukawashe hapo juu. Ndiyo, juu. Mtu aliyezoea mafiga atataka kuwasha chini, na hapo ndipo apotezapo vidonge vyake. Ukiwasha chini, mvuke wa vidonge vya chini hupita katika vidonge baridi vya juu na kutoka kama moshi. Ukiwasha juu, moto hushuka polepole wenyewe, na mvuke wote utokao chini yapasa kupita katika mwali kabla ya kufika kwenye sufuria.

Subiri dakika 3 hadi 5 mpaka mwali umeenea juu yote, ndipo uteleke sufuria. Ukiteleka mapema, kitako baridi cha sufuria hukata mwali.

Usimwage mafuta ya taa juu ya kikapu chenye moto wala chenye makaa yaliyofifia. Mafuta yakikuta joto bila mwali hugeuka mvuke kwanza, kisha hulipuka usoni. Watoto wameungua kwa desturi hii.

Tena usiongeze vidonge juu ya moto unaowaka. Vidonge vipya ni baridi, huuzima mwali, na chumba hujaa moshi. Hii ndiyo taabu kubwa ya vidonge, na ni afadhali tuiseme wazi: vidonge havitawaliwi kama kuni ambazo husukumwa ndani na kuvutwa nje. Unapima kabla ya kuwasha. Chai yahitaji robo ya kikapu, wali na mchicha kikapu kimoja. Kwa maharage au makande, yafaa kuwa na vikapu viwili, cha pili kiwashwe nje mpaka moshi wake wa kwanza uishe, kisha kiingizwe kwa koleo. Na maharage yalowekwe usiku kucha. Mama alowekaye maharage huokoa moto mwingi kuliko anunuaye jiko jipya.

Namna hii ya kuwasha juu si ngeni katika nchi zetu. Miaka ya 1990, huko kaskazini mwa Uganda, Paal Wendelbo, mtu wa Norway, alitengeneza jiko la bati la kuwasha juu kwa ajili ya kuchoma nyasi na vijiti, na jina lake likawa Peko Pe, yaani kwa Kiacholi, hakuna matatizo. Yako pia majiko ya namna hiyo yenye feni ndogo ya betri. Feni husukuma hewa ya juu kwa nguvu, na moshi hupungua sana kuliko katika kikapu. Mwenye uwezo wa kulinunua na mahali pa kuchaji betri yake, na alinunue. Lakini feni ikiharibika jiko hilo huwa kopo tu, kwa hiyo uliza kwanza kama vipuri vyapatikana karibu.

MAKAA YABAKIYO NA HEWA YAKE

Mwali wa manjano ukiisha, katika kikapu hubaki makaa mekundu yenye umbo la vidonge. Moto wake ni mpole, wafaa kupalia wali au kuweka chakula kiwe na joto. Moshi haupo tena. Na kwa sababu moshi haupo watu hudhani hatari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, ile ile itokayo katika jiko la mkaa. Mtu aliyeivuta huumwa kichwa, hutapika, hulegea na kusinzia, na akiwa amekwisha lala haamki. Kwa hiyo usichukue kikapu chenye makaa hata kidogo chumbani mwa kulala, hata kama ni Njombe au Limuru katika miezi ya baridi. Jiko liwe na dirisha au nafasi ya wazi juu ya ukuta, na mlango uwe wazi wakati wa makaa. Mtu akilalamika kichwa jikoni, mtoe nje mara moja, ufungue milango, na asipopata nafuu apelekwe hospitali.

Njia iliyo njema ni kuyazima. Mimina makaa katika kopo la chuma lenye mfuniko wa kubana, ulifunike. Yakikosa hewa yatazimika, na utakuwa na mkaa mdogo wa kuchanganya katika jiko la mkaa siku nyingine. Usimimine maji ndani ya kikapu; chuma chenye moto kikimwagiwa maji hupinda na kupasuka, na mvuke wake huunguza mikono.

MABAKI GANI YA SHAMBA YAFAA

Hapa mkulima apaswa kufikiri kwa makini, maana shamba nalo lina njaa yake. Kila kitu uchomacho hupoteza naitrojeni yake yote hewani. Majivu hubaki na potasiamu, chokaa na fosforasi kidogo. Basi kile ambacho udongo au ng'ombe wako anakihitaji kisiende kwenye mashine ya vidonge kwa sababu tu mnunuzi amekuja na gari.

Mabua ya mahindi yaache shambani. Yakitandazwa, huzuia mvua ya kwanza isichukue udongo, hasa katika miteremko kama ya Lushoto au Mbinga, na kama una ng'ombe ni chakula chake cha kiangazi. Tena mabua na majani makavu yana potasiamu nyingi pamoja na mchanga, na katika moto mkali majivu yake huyeyuka, yakaganda kama chupa na kuziba matundu ya kikapu. Majani ya maharage na ya karanga ni chakula bora cha mifugo. Kuyachoma ni hasara tupu.

Magunzi hayahitaji mashine. Yakikauka ni kuni nzuri kama yalivyo, na ukiyavunja vipande vidogo yatawaka ndani ya kikapu kile kile. Hatuoni sababu ya mtu kulipa fedha ili gunzi ligeuzwe kidonge kisha alinunue tena. Vifuu vya nazi ni hivyo hivyo.

Maganda ya mpunga ndiyo yafaayo kushindiliwa kuliko vyote. Ng'ombe hapati nguvu kwayo, huoza polepole sana, na yamekwisha kusanywa mahali pamoja mashineni. Kasoro yake ni majivu. Vidonge vya mbao safi huacha majivu chini ya asilimia 1, lakini vya maganda ya mpunga huacha karibu asilimia 20. Ukiunguza kilo 2 kwa siku utakuwa na karibu gramu 400 za majivu, na kwa mwezi kilo 12. Tena majivu hayo hayaporomoki, hubaki na umbo la kidonge, hata mtu adhani bado kuna kuni. Kikapu sharti kimwagwe kila baada ya kupika. Moto wake nao ni mdogo kuliko wa vidonge vya mbao.

Unga wa mbao wafaa sana, mradi utoke katika mbao tupu. Unga wa mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, na ule wa mbao za gundi, usichome chini ya chakula. Maganda makavu ya kahawa yatokayo kiwandani yafaa. Ile nyama laini ya tunda itokayo penye kumenya kahawa irudi migombani kama mboji. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayochubua ngozi, na moshi wake huumiza macho na kifua. Hayo ni ya tanuru za viwandani, si ya jiko la nyumbani.

Miti ya pamba yastahili maneno zaidi. Mkulima wa Simiyu, Shinyanga au Mwanza anajua kwamba baada ya mavuno imempasa kung'oa miti yote na kuichoma, ili funza mwekundu asipate mahali pa kukaa mpaka msimu ujao. Kila mwaka moto huo huwaka shambani bila kuchemsha hata kikombe cha maji, na huko ndiko kuni zilikoadimika. Miti hiyo ni migumu kama kuni za kweli, na vidonge vyake ni vizuri. Lakini wako watu wanaoilundika nyumbani wakiahidi kuitumia polepole. Funza hukaa ndani ya vitumba vilivyobaki juu ya miti, naye hajali kama miti iko shambani au uani. Kwa hiyo, ikiwa kuna mashine karibu, miti ivunjwe na kusagwa kabla ya tarehe ya mwisho ya kuchoma iliyotangazwa wilayani. Isiyosagwa kufikia siku hiyo ichomwe kama kawaida.

Kuhusu kununua mashine, twashauri mkulima asiinunue peke yake. Mabaki lazima yakaushwe, yasagwe yawe madogo kuliko tundu la bamba, kisha yashindiliwe, na kazi zote tatu hula mafuta au umeme. Maganda ya mpunga ni makali kama msasa, hulila bamba na magurudumu upesi, na vyuma hivyo ni ghali. Chama cha ushirika chenye mashine ya kukoboa chaweza kufanya kazi hii kwa faida, maana maganda yapo tayari na umeme upo. Hata hivyo chama kipige hesabu ya mabamba ya akiba kabla ya kutia sahihi.

KUHIFADHI

Weka gunia la plastiki ndani ya gunia la kawaida, ulifunge mdomo. Liweke juu ya kichanja, si sakafuni, wala lisiguse ukuta. Toa vidonge vya siku mbili tu kwa wakati mmoja. Vidonge vilivyovimba havirudi tena.

HESABU YA NYUMBANI

Wauzaji husema kilo 1 ya vidonge ni sawa na kilo 1 ya mkaa. Kwa nguvu ya moto peke yake si kweli. Kilo 1 ya mkaa mkavu ina joto karibu sawa na kilo 1 na gramu 700 za vidonge vya mbao, na vya maganda ya mpunga zaidi ya hapo. Lakini jiko lina sehemu yake. Katika jiko zuri joto nyingi huingia sufuriani, katika jiko baya huenda darini. Kwa hiyo usisikilize maneno ya muuzaji wala yetu. Pika chakula kile kile siku 3 kwa mkaa, na siku 3 kwa vidonge katika kikapu. Kila siku pima kwa mizani kiasi ulichotumia, kizidishe kwa bei ya kilo, na ukumbuke kutoa mkaa ulioubakiza katika kopo. Fedha utakazoziona ni za nyumba yako, zenye ukweli kuliko tangazo lolote.

Tanzania, kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, imekusudia asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mahali palipo na umeme wa kutegemewa au gesi ambayo mfuko waweza kuijaza tena, hivyo ni safi kuliko kikapu chetu. Vidonge katika jiko la kuni ni kwa yule ambaye mtungi ukiisha hukaa mtupu miezi miwili, naye amezungukwa na maganda yasiyo na mwenyewe.

MAJIVU

Majivu ya vidonge vya mbao na vya miti ya pamba yarudi shambani. Yatawanye kwa wembamba katika bustani ya mboga au kuzunguka migomba, ambayo hupenda potasiamu, kisha uyafukie kidogo kwa jembe. Usiyaweke kwenye shamba la viazi mviringo, kwani hupunguza uchachu wa udongo na kuzidisha ukurutu wa viazi. Wala usiyachanganye na mbolea ya urea au samadi mbichi katika ndoo moja, kwa maana naitrojeni itapanda hewani, utainusa. Acha siku kadhaa zipite kati ya hiki na kile. Majivu ya maganda ya mpunga yana chakula kidogo cha mimea, mengi yake ni silika, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Yanyunyizie maji kwanza yakiwa yamekwisha poa, ndipo uyatoe, nawe usiyamwage mahali ambapo upepo utayarudisha ndani.